Nguo za Kila Haina

Kwa miaka arobaini Mwalimu aliingia katika duka la mumewe kwa mlango wa uani. Mlango wa mbele haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa mpana, wa mbao nzito za rangi ya kijani, na kizingiti chake kilikuwa kimelika katikati kwa nyayo za wateja. Ubaya ulikuwa juu yake. Hapo lilining'inia bango, na katika bango hilo kulikuwa na herufi moja ambayo Mwalimu aliapa hatapita chini yake.

TUNASHONA NA KUREKEBISHA NGUO ZA KILA HAINA

Maandishi yalikuwa mekundu, yamenyooka, kila herufi na kivuli chake cheusi ubavuni. Ilikuwa kazi safi ya mtu anayeijua brashi yake. Na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa kosa lililoandikwa vizuri husomeka hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya mtaa wa pili tangu usichana wake hadi alipostaafu. Kalamu yake nyekundu iliogopwa. Hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akatoka bado anaandika "hakili" badala ya "akili". Lakini kila mwaka, siku ya somo la herufi h, hakukosekana mjuaji mmoja kwenye madawati ya nyuma.

"Mwalimu, mbona kwa Fundi wameandika kila haina?"

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni bila kugeuka, mpaka uso upoe.

Fundi mwenyewe, mumewe, hakuwa na habari. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye futi shingoni hata wakati wa kula. Alishona sare, suti na magauni, lakini zaidi alirekebisha. Watu walipoligundua kosa la bango wakaanza kumtania, naye akautia utani ule mfukoni kama kifungo kilichookotwa, akautumia. Mteja akitokeza tu mlangoni, Fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani na kuuliza, "Haina nini leo?"

"Haina zipu, Fundi."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo haina adabu. Imenipasukia kwenye kikao."

Basi mtaa mzima ukaacha kusema "kwa Fundi" ukasema "Kwa Haina". Hata dereva wa teksi asiyejua jina la mtaa alijua Kwa Haina.

Mwalimu alimwomba mara tatu alishushe lile bango. Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni kabisa, kabla hawajaoana. Mara ya pili alipofanywa mkuu wa somo, na ya tatu mwaka binti yao alipohitimu chuo, wageni wakija kwa wingi. Katika mambo mengine yote Fundi alikuwa laini kama hariri. Mwalimu alichagua nyumba ya kupanga, shule ya mtoto, rangi ya mapazia, hata soksi za Fundi. Lakini likiguswa bango alikuwa mtu mwingine.

"Mengine yote, Mwalimu," alisema, maana alimwita hivyo hata walipokuwa wawili tu. "Hilo niachie."

Kila baada ya miaka michache rafiki yake mchoraji wa mabango alipanda ngazi na kuyakoleza maandishi pale pale juu, pamoja na ile h. Na Mwalimu akaendelea kuzungukia uani, kupita kamba za nguo na pipa la mabaki ya vitambaa, miaka arobaini.

Mwaka jana Fundi alifariki, baada ya kuugua majuma mawili tu.

Binti yao wa pekee, ambaye baba yake alimwita Sindano kwa kuwa alizaliwa mwembamba na mwenye sauti ya kuchoma, alikuja mazikoni akitokea kwenye ofisi ya matangazo alikofanya kazi miaka tisa. Alikuja na begi la siku tano. Hakurudi tena. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, akashika mkasi wa baba yake, na wateja waliokuja kutoa pole walipofika mara ya pili walikuja na suruali.

Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Pembeni ya barabara kubwa palikuwa pamefunguliwa duka la nguo za tayari, la vioo vitupu, lenye taa mchana na sanamu zisizo na vichwa. Vijana walipita mbele ya mlango wa kijani bila hata kugeuza shingo. Sindano aliliona hilo kwa muda wa miezi sita, kisha Jumapili moja akaja nyumbani kwa mama yake na daftari, mkoba wa karatasi za rangi na uso wa mtu aliyepiga moyo konde.

"Mama, duka linahitaji sura mpya. Tusipolivalisha upya, mwakani tutakuwa tunashona mapazia ya jirani tu."

"Hilo nimelisema mimi tangu hujazaliwa," alisema Mwalimu, akasogeza vikombe vya chai. "Keti. Tunaanza na bango."

"Tunaanza na bango," alikubali Sindano, lakini hakumtazama.

Alifungua daftari. Alikuwa amewauliza watu sitini na wawili swali moja: nguo yako ikiharibika unaipeleka wapi?

"Unajua wangapi wametaja jina lililo kwenye leseni, Ushonaji wa Kisasa?"

"Wangapi?"

"Mmoja. Na huyo ni wewe, Mama."

Mwalimu alikunywa chai.

"Waliobaki wote wamesema Kwa Haina. Wazee, watoto, yule nesi wa zahanati, hata mwenye lile duka la vioo. Nimekaa miaka tisa ofisini nikiwaona watu wanalilia jina la namna hiyo, la kukaa mdomoni mwa watu bure, na hawalipati. Sisi tunalo. Kwa hiyo jina jipya ni lile lile." Akageuza ukurasa. "HAINA. Basi. Chini yake, kwa maandishi madogo: Haina kifungo? Haina zipu? Haina pindo? Ilete. Tutaweka kwenye mabegi ya karatasi, kwenye vipeperushi, na kwenye picha za kutuma kwa simu. Na nembo yetu ni hii hapa."

Alikuwa amechora kifungo kikubwa chekundu chenye matundu matatu.

Mwalimu alivaa miwani. "Tundu la nne liko wapi?"

"Haina, Mama!" Sindano aliangua kicheko. "Ndiyo utani wenyewe."

"Hakina," alisema Mwalimu.

"Nini?"

"Kifungo hakina tundu la nne. Si haina. Suruali haina, sawa. Sketi haina, sawa. Lakini shati ni halina, gauni ni halina, kisibau hakina. Hata kosa lenyewe lina kosa ndani yake!"

"Mama, tukiweka ngeli zote, bango litatoka pale dukani mpaka sokoni."

Kwa nusu dakika walicheka wote wawili, maana walikuwa wa nyumba moja. Kisha Mwalimu akavua miwani, na Sindano akajua kicheko kimekwisha.

"Sikiliza, mwanangu. Baba yako aliishia darasa la sita. Nililijua hilo nilipokubali kuolewa naye, na sikujuta hata siku moja. Lakini kila aliyesimama pale nje akacheka, alikuwa anamcheka yeye. Unataka nilichukue lile kosa nilichapishe kwenye mabegi, litembezwe mjini kote, na yeye hayupo hata wa kujitetea?"

"Hakuna aliyemcheka, Mama. Walicheka naye."

"Hiyo ni tofauti anayoiona mtu aliyesimama upande wa wanaocheka."

Sindano alifunga daftari polepole. "Duka ni lako. Jina nalo ni lako. Ila mchapaji anataka jibu Ijumaa. Ukinipa jina, nitalipigia debe kama vile nimelibuni mimi."

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa: USHONAJI NADHIFU.

Sindano aliliangalia. "Linasikika kama sabuni," alisema kwa upole. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akambusu mama yake shavuni na kuondoka. Mwalimu alibaki ameshika tama mbele ya vikombe viwili. Alikuwa ameshinda, na ushindi haukuwa na ladha yoyote.

Kuhusu bango jipya walikuwa wamepatana jambo moja. Sindano alitaka la plastiki la kuchapwa, lenye taa ndani. Mwalimu alisema hapana. Mkono ulioharibu ndio utakaotengeneza.

Mkono huo ulikuwa wa rafiki yake Fundi, mchoraji ambaye watu walimwita Brashi. Sasa alikuwa mzee, mgongo umepinda kidogo, na kucha zake zilikuwa na rangi za miaka yote aliyoishi. Mwalimu hakuwahi kumkosea heshima, lakini hakuwahi kumkaribisha kikombe cha pili pia. Kwake yeye, mtu aliyeliona neno limekosewa akalipaka rangi nyekundu na kulipa kivuli, alikuwa mshiriki.

Brashi alifika Jumatano asubuhi na ngazi begani. Mwalimu na Sindano walikuwa wamesimama barabarani, mbele ya mlango wa kijani.

"Shikamoo, Mzee," alisema Sindano.

"Marahaba, binti yangu. Shemeji, hujambo?" Alimwita Mwalimu shemeji kwa sababu ya Fundi. "Naona leo umetokea mbele."

"Sijambo. Nimekuja kuliona linashuka."

Brashi aliiegemeza ngazi ukutani, akaitikisa kuipima, lakini hakupanda.

"Kwani lazima lishuke? Mimi ninaweza kuifuta h pale pale juu. Au nipake rangi juu ya maneno yote, niandike jina lako jipya, na wewe unywe chai yako. Kabla haijapoa nimemaliza."

"Lishuke. Nataka mbao mpya."

"Mbao hizi ni nzuri kuliko za siku hizi."

"Brashi."

"Naam, shemeji."

"Unaogopa nini?"

Mzee alijikuna kisogoni. "Fundi aliniapisha lisishuke," alisema. "Lakini Fundi hayupo, na mwenye duka ni wewe. Mimi ni mtu wa kuagizwa." Akapanda.

Misumari ililia ikitoka. Bango lilikuwa zito, na Sindano alipanda kiti kulipokea upande mmoja. Walipolishusha, Brashi alililaza haraka, upande wa nyuma chini, maandishi yakatazama mbingu. Kwa karibu, Mwalimu aliona jinsi rangi ilivyorundikana, tabaka juu ya tabaka, hata herufi zilikuwa zimeinuka kama tarizi. Ile h ilikuwa nene kuliko zote.

Sindano ndiye aliyeligeuza, akitaka kuona kama mbao zimeoza. Hazikuwa zimeoza. Katikati ya mgongo wa bango kulikuwa na kipande cha bati, ukubwa wa daftari, kimepigiliwa misumari minne.

"Hiki nini, Mzee?"

Brashi alitazama viatu vyake. "Hiyo ni kawaida yangu ya kazi," alisema. "Mimi sikusoma. Ninanakili. Ukiniletea karatasi ninaifuata herufi kwa herufi, hata kama umeandika matusi. Zamani, nilipoanza, mwenye bucha mmoja alinipiga makofi mbele za watu, akidai nimemkosea neno, na neno alikuwa ameniandikia yeye. Toka siku hiyo, karatasi ya mteja ninaifunga kwenye nailoni, ninaipigilia nyuma ya bango. Mtu akija juu, ninamwambia tulishushe tuone."

Mwalimu aliinama juu ya bati lile. Fundi hakuwa mtu wa kuandika. Vipimo vyake vilikuwa vistari na vitone ambavyo yeye peke yake alivielewa, na barua zote za nyumbani aliziandika Mwalimu. Katika droo zote alizopekua tangu mazishi hakupata hata mstari mmoja wa mkono wa mumewe. Kumbe ulikuwa hapa miaka yote, juu ya kichwa cha kila mteja, nyuma ya kosa alilolikimbia.

"Fungua," alisema.

"Shemeji, liache tu."

"Fungua, nikuombe. Nataka Sindano auone mwandiko wa baba yake. Hata ukiwa na kosa ni wake."

Brashi alimtazama Sindano kama anayeomba msaada, akaukosa. Akatoa koleo mfukoni, akang'oa misumari mmoja mmoja. Chini ya bati kulikuwa na nailoni iliyogeuka njano, na ndani ya nailoni ukurasa wa daftari la hesabu, wenye miraba. Aliutoa kwa ncha za vidole, akampa Mwalimu.

Wino wa bluu ulikuwa umefifia lakini ulisomeka. Tunashona na kurekebisha nguo za kila haina. Mwandiko ulilala kidogo kuelekea kulia, kama watu wanaokwenda na upepo. Ile g ya nguo ilikuwa na mkia uliopindwa kama kulabu.

Sindano alikuwa wa kwanza kuutambua. Kulabu ile aliijua tangu darasa la kwanza, ilikuwa katika kila ripoti yake ya shule, katika kila kipande cha karatasi kilichobandikwa mlangoni kuagiza mkate.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Huu ni mwandiko wako."

Mwalimu aliifuata kulabu ile kwa kidole. Alikuwa ameona.

Mambo yalirudi moja baada ya jingine, taratibu, kama uzi unaofumuliwa. Alikuwa na miaka ishirini, hajaenda chuo cha ualimu bado, anasubiri barua. Fundi alikuwa mchumba wake na alikuwa amepanga chumba cha kwanza cha biashara, hiki hiki. Mwalimu ndiye aliyekuwa anamwandikia kila kitu siku hizo: barua ya mwenye nyumba, orodha ya vifaa, maombi ya leseni. Kwao, nyumba nzima ilitia h mahali pasipo na h. Mama yake alisema "hasubuhi" na "hasali", na yeye alisema hivyo hivyo na kuandika hivyo hivyo, mpaka alipofika chuoni.

"Ulimwandikia jioni ya kuamkia safari yako," alisema Brashi. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, ngazi magotini. "Akaniletea anacheka peke yake. Anasema, tazama mwandiko huo, mke wangu mtarajiwa huyo. Ukaenda chuo. Uliporudi likizo ukaliona bango limening'inia, ukaja juu."

Mwalimu alikumbuka. Alikuwa amesimama mahali hapa hapa, na sketi yake mpya ya chuo, akasema, "Nani aliyekuandikia upuuzi huu?" Fundi alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi. Mimi na darasa langu la sita." Miaka arobaini Mwalimu aliamini kimya kile kilikuwa cha mtu aliyeona aibu.

"Jioni ile ile alikuja kwangu," Brashi aliendelea. "Nikamwambia, niletee karatasi nyingine, nilishushe niandike upya bure. Akakataa. Akasema, ukilishusha ataiona karatasi. Nikamwambia, basi niifute h pale pale juu, au tuichome karatasi. Akasema, mwandiko wake? Nikamwona huyu amependa, sina la kusema. Halafu akanieleza. Akasema umemwandikia barua kutoka chuo. Kwamba mkufunzi alikusimamisha mbele ya wenzako akawa anakutamkisha maneno ya h, darasa linacheka, na wewe unataka kuacha ualimu urudi nyumbani."

"Nilimwandikia hivyo?" Mwalimu aliuliza, ingawa alijua.

"Ndivyo alivyosema. Akasema, acha anione mimi mjinga. Akijiona yeye, hatarudi chuo."

Barabarani pikipiki ilipita na kupotea. Mwalimu aliikunja karatasi kwa mkunjo wake wa zamani, kisha akafanya jambo ambalo Sindano hakuwahi kuliona. Alipita mlango wa kijani, akavuka kizingiti, akaenda kukaa kwenye kiti cha Fundi mbele ya cherehani. Hapo alikaa, mikono juu ya meza yenye makovu ya mkasi na vumbi la chaki, na Sindano akamwacha peke yake kwa muda wote uliohitajika.

Alijiuliza kama kweli alisahau. Mtu huandika mambo mengi katika maisha yake, na ile h aliing'oa kinywani mwake kwa jitihada kubwa kiasi kwamba hakubakiza hata kumbukumbu ya mahali ilipokuwa. Au alijua, mahali fulani ndani kabisa, na ndiyo sababu hakuweza kupita chini yake. Hakupata jibu. Alichokipata ni kwamba alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba miaka arobaini ili asionane na mkono wake mwenyewe, na mtu aliyeketi kwenye kiti hiki alimsikia akipita uani kila siku, akanyamaza.

Sindano aliingia na glasi ya maji.

"Hakuna anayelazimika kujua, Mama. Mzee Brashi ni kaburi. Ijumaa tunachapa Ushonaji Nadhifu, na hiyo karatasi unaiweka kabatini."

"Unafikiri ninaogopa?"

"Nakujua. Kwako jina la nyumba hii ni mboni ya jicho."

Mwalimu alikunywa maji yote. "Jina la nyumba hii alilibeba baba yako mgongoni, akachekwa yeye ili mimi nisimame mbele ya watoto wa watu. Nikimfuta sasa nitakuwa mtu wa namna gani?" Akapangusa macho kwa kiganja, bila kujificha. "Una kalamu?"

Sindano alimpa. Mwalimu alivuta ukurasa wa daftari la vipimo, akaunyoosha, akaandika polepole, mwandiko umelala kulia, g na mkia wake. Alipofika kwenye neno la mwisho mkono ulisita. Miaka yote ya kalamu nyekundu ilikuwa imeushika kifundo. Kisha akaandika h, akaifuatisha na herufi nyingine nne, akaweka tarehe na sahihi yake kamili, na chini ya sahihi, kwa mazoea, cheo chake: Mwalimu Mstaafu.

Alimpelekea Brashi nje. Mzee aliigeuza karatasi huku na huku.

"Shemeji, hii mbona ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Herufi kwa herufi?"

"Herufi kwa herufi. Na karatasi zote mbili zirudi nyuma ya bango. Kisha njoo ndani unywe chai. Ya kwanza na ya pili."

Sindano, mlangoni, alikuwa tayari na simu sikioni akimwambia mchapaji asiwashe mashine, kuna mabadiliko.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sindano alikuwa ametangaza kila mahali. Picha za nguo mbovu zilikuwa zimezunguka kwenye simu za watu kwa majuma mawili, koti lenye mkono mmoja, suruali iliyopasuka mahali pa kuchekesha, na chini yake swali moja tu: Haina nini? Watu walikuwa wameanza kutuma za kwao. Nesi alituma koti lake la kazi lisilo na mfuko hata mmoja. Mwenye duka la vioo alituma sanamu yake na kuandika, haina kichwa, mnaweza? Vicheko vilianza barabarani kabla ya mlango kufunguliwa. Mabegi ya karatasi yenye kifungo cha matundu matatu yalikuwa yamepangwa mezani, na juu ya mlango, kwenye mbao zile zile, rangi nyekundu ilikuwa inang'aa.

Mwalimu alisimama mbele, chini ya bango, na gauni lake la kijivu alilolishona Fundi.

Katika umati kulikuwa na mtu mzima mwenye kitambi na tai, ambaye sasa ni mkuu wa shule ile ile aliyofundisha Mwalimu. Zamani alikuwa mjuaji wa dawati la nyuma. Alimpa Mwalimu shikamoo ya heshima, kisha akanyoosha kidole juu, macho yakimcheka.

"Mwalimu wangu, na leo tena? Yaani duka lina sura mpya, halafu h iko pale pale? Kwani nani aliyeandika?"

Watu walitabasamu. Kila mtu alilijua jibu, lilikuwa jibu la siku zote.

"Mimi," alisema Mwalimu.

Mkuu wa shule alicheka. "Mwalimu!"

"Mimi. Kwa mkono wangu, nikiwa na miaka ishirini. Marehemu hakuandika hata herufi moja. Karatasi ipo nyuma ya bango."

Kicheko kiliondoka usoni pa yule mtu mzima, na mahali pake pakaja kitu laini. Alimshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "huna haja ya kumkinga. Sisi Fundi tulimpenda na kosa lake."

"Sikiliza wewe. Ninakuambia mimi ndiye..."

"Mama wa watu," alisema nesi nyuma yao, akifuta macho. "Mnaona mapenzi hayo? Mpaka leo anambebea."

Mwalimu alifungua kinywa, akatazama nyuso zile, mmoja baada ya mwingine. Nyingi alikuwa amezifundisha. Hakuna hata mmoja aliyemwamini. Alimtafuta Brashi, akamkuta kando ya ngazi, anatazama angani kama mtu asiyejua kusoma. Alimtafuta Sindano, akamkuta ameziba mdomo kwa begi la karatasi, mabega yanamtikisika.

Ndipo Mwalimu alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye mwimo wa mlango wa kijani, na waliokuwa karibu wakacheka naye bila kujua wanacheka nini.

Alipopata pumzi, aliona mkuu wa shule bado amesimama, na kwapani amebana mfuko wa nguo.

"Umekuja na nini humo?"

"Shati langu la sherehe, Mwalimu."

Shati. Neno sahihi lilimjia lenyewe ulimini, kama lilivyomjia maisha yake yote, limesimama wima na limenyooka. Mwalimu aliliacha lipite. Alinyoosha mkono kulipokea shati, akainua macho kama mtu anayeyainua kutoka kwenye cherehani.

"Haina nini leo?" aliuliza.